Fumbo Ndani ya Mkate

Bila shaka umepata kuona, msomaji, katika kurasa za magazeti, ule mraba uliogawanywa katika vijumba vyeupe na vyeusi, na kando yake maelezo mafupi yenye nambari. Kila elezo lina neno lake lililofichwa, na kazi yako ni kulitafuta neno hilo na kulijaza vijumbani herufi kwa herufi. Wengine huuita mchezo huo chemshabongo, wengine fumbo la maneno. Mtu huuanza kwa kupoteza wakati tu, na baada ya kitambo hujiona amekunja uso, kalamu i mdomoni, na chai imepoa. Fumbo la kwanza la namna hiyo lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World huko Marekani. Aliyelitunga aliitwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, na umbo alilolichora siku ile halikuwa mraba bali almasi.

Mwaka huohuo wa 1913 unatajwa pia katika jambo jingine, mbali sana na New York. Katika mji wa Lamu alikuwako bwana mmoja, Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyejua kuchonga milango, kuandika hati nzuri za Kiarabu, kupiga ala na kutunga. Mwaka huo ndio unaotajwa kuwa mwaka alioutunga utendi wa Fumo Liyongo. Habari zenyewe zilikuwa za kale. Wazee wa Lamu, Pate na Ozi walikuwa wakizisimulia tangu enzi zisizo na tarehe, na wanahistoria hata leo hawapatani juu ya karne aliyoishi shujaa huyo. Ndani ya habari hizo limo fumbo ambalo mimi naliona kuwa bora kuliko mengi yaliyopata kuchapwa magazetini, kwa sababu ujira wa kulifumbua haukuwa furaha ya mezani, bali roho ya mtu.

Yasemwa kwamba Liyongo alikuwa mtu wa kimo kikubwa, mwenye nguvu za ajabu, hodari wa upinde na hodari wa maneno. Mfalme wa Pate alimwogopa. Akamfanyia hila, akamkamata, akamtia gerezani na kumfunga minyororo, na walinzi wakawekwa mlangoni. Kila siku mama yake Liyongo alimtuma mjakazi wake, jina lake Saada, ampelekee mwanawe chakula. Kila siku walinzi walikitwaa chakula kile, wakala kilicho kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Ikafika siku Liyongo akajua kwamba ameamuliwa kuuawa. Hapo akamtumia mama yake maneno kwa kinywa cha Saada, nayo yalikuwa ya wimbo: aoke mikate miwili, mmoja mzuri wa kupendeza, na mmoja wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa, kile chombo cha kukerezea chuma.

Mama akafanya kama alivyoambiwa. Saada akaja na mikate. Walinzi wakautazama ule mzuri, wakautwaa. Wakautazama ule wa wishwa, wakacheka, wakamtupia mfungwa. Kisha Liyongo akaomba jambo moja kabla ya kufa kwake: apigiwe gungu, ngoma ya waungwana, kwa ala zake zote. Nani angemnyima mtu anayekaribia kufa furaha yake ya mwisho? Ngoma ikapigwa, matoazi yakalia, watu wakaimba. Na huku nyuma, chini ya kelele zile, tupa ilikuwa ikila chuma. Wimbo ulipokwisha minyororo ilikuwa imekatika.

Sasa tulitazame fumbo hili polepole. Kosa la kwanza la msomaji ni kudhani kwamba fumbo lilikuwa katika wimbo. Maneno ya wimbo, kama yalivyopokewa, ni mepesi kuelewa. Sitara yake ilikuwa ni kwamba yaliimbwa, na Liyongo alikuwa mtu wa kuimba daima. Fumbo lenyewe ni mkate. Mkate wa wishwa uliwaambia walinzi jambo ambalo lilikuwa limekamilika na lenye kuridhisha: hiki ni chakula cha mnyonge, hakitufai. Hawakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Na ombi la ngoma likawaambia jambo jingine lililokamilika vilevile: huyu amekata tamaa, anataka kuburudika. Hapo ndipo ulipo ufundi wa mfumbaji. Hafichi maana yake mahali pasipo na maana. Huificha nyuma ya maana nyingine iliyo nzuri ya kutosha, ili msikilizaji aridhike na kuishia hapo. Watungaji wa chemshabongo za leo, wale wakali, hufanya hivyo hivyo. Elezo lao husomeka kama sentensi ya kawaida kabisa, na kadiri isomekavyo vizuri ndivyo linavyozidi kuwa gumu.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mimi sikubaliani sana na neno hilo kwa habari ya walinzi wa Pate. Hawakuwa wajinga, walikuwa walafi, na Liyongo aliujua ulafi wao kwa sababu aliuona kila siku. Angelikuwa mlinzi mmoja tu mwenye tabia ya kumwachia mfungwa chakula kizuri, hila ingeharibika. Basi kufumba si kujua maneno tu, ni kumjua mtu utakayemfumba, na kumjua yule unayetaka afumbue.

Huenda darasani umesoma mchezo wa Shakespeare uitwao Makbeth, ambao S. S. Mushi aliutoa kwa Kiswahili mwaka 1968. Mle pia mna mafumbo yenye kuua. Makbeth aambiwa kwamba hatadhuriwa na mtu aliyezaliwa na mwanamke, na kwamba hatashindwa mpaka msitu uujie mlima ilipo ngome yake. Akaridhika, kama walinzi walivyoridhika na mkate mzuri. Kumbe adui zake walikata matawi ya miti wakayabeba mbele yao, na kwa mbali msitu ukaonekana watembea. Na aliyemwua alikuwa ametolewa tumboni mwa mamaye kwa kisu. Katika Mabepari wa Venisi, mchezo uliotafsiriwa na Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969, mna masanduku matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, na kila moja lina maneno yake ya kufumba. Anayechagua sawasawa humwoa Porshia. Yule aliyefaulu alichagua lile la risasi, lisilotamanisha macho. Naam, la risasi na la wishwa ni ndugu.

Turudi Lamu. Ile gungu aliyoiomba Liyongo haikuwa ngoma ya miguu tu. Ilikuwa baraza ya maneno. Katika karamu za arusi waungwana walisimama wakaimba beti za mafumbo, na mwenzao akasimama kujibu. Wa kwanza amefunga, wa pili hana budi kufungua. Askofu Edward Steere, aliyekaa Unguja katika karne ya 19 na kuandika hadithi za Waswahili, aliandika pia habari za gungu, na akataja namna zake mbili, gungu la kufunda na gungu la kukwaa. Mshairi aliyefungwa akashindwa kufungua aliketi na aibu yake mbele ya jamaa na wakwe. Na katika nyumba, usiku, watoto walikuwa na gungu lao dogo, ambalo hapana shaka wewe unalijua: kitendawili! Tega! Na mwenye kushindwa hutoa mji. Ni sheria nzuri hiyo ya kutoa mji. Asiyejua hulipa, na hulipa kitu kikubwa, Pate nzima au Siyu nzima, halafu mteguaji hujisifu safarini huko kabla ya kutoa jibu.

Hebu ziangalie fimbo hizi za maneno zilivyo katika lugha yenyewe. Tunafumba jicho na tunalifumbua; tunafumba mkono na tunaufumbua; tunafumba neno na tunalifumbua. Tunatega mtego na kuutegua. Tunatega kitendawili na kukitegua. Tunafunga, tunafungua. Kiswahili kimelitia lile jibu ndani ya swali, kwa kiambishi kimoja kidogo, kana kwamba kila kilichofungwa kina deni la kufunguliwa.

Na zana za mfumbaji wa Kiswahili ni zipi? Ya kwanza ni neno lenye maana mbili. Nikikuambia kwamba nyumbani kwetu yuko mbuzi asiyekula majani wala kunywa maji, ila kila jioni hupewa nazi, utafikiri kidogo kisha utacheka, kwani kila jiko la pwani lina mbuzi wa namna hiyo, mwenye ulimi wa chuma na miguu ya ubao. Lakini angalia nilivyokuhadaa. Mbuzi ya kukunia nazi ni ya, si wa. Nilimpa upatanisho wa mnyama ili ulifuate jani na maji. Mfumbaji mwaminifu zaidi angesema ile mbuzi, na mwerevu angeshtuka mara moja. Katika mafumbo yetu sarufi huweza kufunga mlango, na huweza pia kuuacha wazi.

Zana ya pili ni kugeuza. Waingereza huchukua neno wakazitawanya herufi zake na kutengeneza jingine, na chemshabongo zao zimejaa michezo hiyo. Sisi hatuna haja ya kuzitawanya herufi, kwa kuwa Kiswahili husimama juu ya silabi, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Ukizigeuza silabi, neno linalopatikana hutamkika daima, na mara nyingine huwa neno la kweli. Geuza lima, upate mali. Geuza kazi, upate zika. Geuza tema, na utakachokipata kitakufurahisha. Kutokana na jambo hili pwani ilizaa lugha nzima ya siri iitwayo kinyume, ambayo Steere aliiandikia mifano: silabi ya mwisho hutolewa ikawekwa mwanzo, na nyumba ikawa mbanyu. Msemaji mzoefu huzungumza hivyo upesi kama maji, mbele ya mgeni ambaye ajua Kiswahili na haelewi hata neno moja. Kwa maoni yangu, chemshabongo ya Kiswahili iliyo bora ingekuwa ile ambayo kila kijumba kingechukua silabi nzima badala ya herufi moja. Huko ndiko lugha yetu ichezako vizuri.

Zana ya tatu haionekani katika kitabu hiki unachokisoma. Andika paa. Je, ni yule mnyama wa porini, au ni juu ya nyumba? Katika maandishi ni neno moja. Lakini mweke mzee wa Lamu ayatamke yote mawili, nawe utege sikio. Paa wa porini hutoka na pumzi, kana kwamba ameipuliza ile p; paa la nyumba hutoka kavu. Vivyo hivyo kaa wa pwani na kaa la moto. Hivyo fumbo lililosimama imara juu ya karatasi huenda likaanguka mdomoni mwa Mwamu, kwa kuwa pumzi yake imekwisha kulifichua. Watu wengi wa bara, na hata wengi wa miji ya pwani siku hizi, hawatofautishi tena sauti hizo. Kwao hilo ni fumbo. Kwa babu wa Lamu si fumbo hata kidogo.

Lakini fumbo kubwa kuliko yote ambalo kila msomaji wa zamani alilikabili ni hati yenyewe. Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Lamu na Pate vilikuwa viti vikuu vya uandishi huo. Sasa Kiarabu hakina p, wala hakina mb. Mwandishi wa kale alitumia ba kwa sauti zote tatu. Akiandika ba na ta, zote kwa fatha, msomaji aweza kusoma bata, aweza kusoma pata, aweza kusoma mbata, ile nazi iliyokauka. Irabu nazo ni tatu tu: alama moja ni ya i na pia ya e, nyingine ni ya u na pia ya o. Kuku na koko ya tunda huandikwa sawasawa. Fikiri basi juu ya mtu aliyepewa utendi wa beti mia kadhaa ulioandikwa hivyo!

Alisomaje? Alisoma kama wewe unavyojaza chemshabongo. Katika mraba wa gazeti, neno linalokwenda chini hulishuhudia neno linalokwenda kando. Herufi ya pamoja ndiyo shahidi. Katika shairi mashahidi ni mizani na vina. Utendi una vipande vinne katika kila ubeti, kila kimoja kwa kawaida mizani minane, na vitatu vya kwanza vina kina kimoja. Tuseme kipande cha kwanza kimeishia kwa neno ambalo halina budi kuwa mfuko, na cha pili kwa neno ambalo halina budi kuwa mwiko, kwa sababu hakuna mfuku wala mwiku katika lugha. Basi la tatu, hata kama limeandikwa kwa alama zilezile, ni koko, si kuku, na yule ndege ameruka na kwenda zake. Kijumwa, ambaye wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea kwa nakala za tenzi, alikuwa hodari wa kuzipambanua sauti hizo. Hati yake nzuri ilikuwa pia ni ufumbuzi.

Mpaka hapa twaweza kudhani kwamba mafumbo ya Lamu yalikuwa mambo ya arusi na ya hadithi. Karibu mwaka 1812 au 1813 yalikuwa mambo ya vita. Wamazrui waliotawala Mombasa walikuwa wamefungamana na Pate, na Lamu ikajiona imezungukwa. Kabla ya majahazi kung'oa nanga, na baada ya majahazi kurudi, mashairi yalikuwa yakisafiri baharini. Kwa upande wa Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji, fundi wa mashairi ya vina vya kati na mwisho, aliyefariki karibu mwaka 1840. Kwa upande wa Lamu jina linalotajwa ni la Zahidi Mgumi, mmoja wa wakuu wa mji. Walirushiana vitisho, kejeli na maonyo, na mara nyingi maneno yalivishwa mavazi mengine, chombo kikiwa ni mji au pepo zikiwa ni siasa. Mtu asiyejua angesikia habari za mabaharia. Wakuu wa Lamu walisikia kwamba wanajiwa.

Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela, kijiji kilicho kusini ya mji wa Lamu, penye mchanga na vilima vyake. Waamu wakapigana nao na kuwashinda. Wavamizi walipokimbilia pwani walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekwama juu ya mchanga. Wengi walifia hapo. Kwa kuogopa kisasi Waamu walipeleka ujumbe kwa Sayyid Said wa Oman kuomba hifadhi yake, naye akamtuma liwali. Na ile ngome uionayo leo katikati ya mji wa Lamu ilikamilika karibu mwaka 1821. Wanahistoria husema, na nadhani husema kweli, kwamba siku moja ile ya Shela iligeuza mambo ya pwani nzima, kwa kuwa iliwafungulia Waomani mlango. Mji mmoja mdogo uliogopa jirani, ukaita mwenye nyumba kubwa.

Mashairi ya vita ile yalibaki vinywani. Nusu karne na zaidi baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliyakumbuka mashairi mengi ya Muyaka na kumpa William Taylor, mmisionari wa Kiingereza, pamoja na maelezo ya maana zake. Karatasi za Taylor zilifika London, na mwaka 1940 Hichens alizitoa baadhi yake katika kitabu cha Diwani ya Muyaka. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akaandika kitabu kingine kikubwa juu ya mshairi huyo na zama zake. Sisi tunamshukuru Muyaka kwa ubeti; imetupasa pia kumshukuru Sikujua kwa ufunguo. Kwani shairi la mafumbo ambalo ufunguo wake umepotea halifi. Hubaki likiimbwa, zuri, lenye vina vyake vyote, na kila mtu akitoka nalo mikono mitupu. Hiyo ndiyo hasara isiyotangazwa na mtu. Nyumba ikibomoka twaona kifusi. Maana ikibomoka, ubeti husimama vilevile kama nyumba ya mawe isiyo na watu ndani.

Na ufunguo hupotea upesi. Haukai katika kamusi. Kamusi itakuambia wishwa ni nini, wala haitakuambia kwamba walinzi wa mfalme walikuwa walafi. Ufunguo hukaa kwa watu waliokuwako, kwa jirani aliyemjua mlengwa, kwa mama aliyeishona leso yenye neno la kumkera mke mwenza. Wakiondoka hao, mfumbuaji wa baadaye hana ila kukisia.

Usidhani ya kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na mashua za Muyaka. Katika uchaguzi wa mwaka 1974, na katika mashindano yaliyofuata mwaka 1975, jimbo la Lamu Mashariki, lenye visiwa vya Pate na jirani zake, liliwaka moto wa mashairi. Mahmoud Ahmed Abdulkadir, kijana wa Lamu ambaye baadaye alijulikana sana kwa jina la Ustadh Mahmoud Mau, alitunga shairi aliloliita Kimondo. Wapinzani wakajibu kwa tungo zao, wengine wakaingia kati, na sauti zikanaswa katika kanda na kupita mkono kwa mkono, kutoka nyumba hata nyumba na kutoka kisiwa hata kisiwa. Assibi Amidu, mtaalamu wa Kiswahili kutoka Ghana, aliyachunguza mashairi hayo na mwaka 1990 akatoa kitabu chake juu ya mashindano yale.

Jina lenyewe latosha kukuonyesha kazi ilivyokuwa. Kimondo ni ile nyota irukayo usiku na kuacha mstari wa moto. Mwanafunzi wa sayansi atakuambia ni jiwe dogo la angani linalowaka likigusa hewa ya dunia. Lakini mtoto wa chuo cha Kurani hujua habari nyingine: kimondo ni silaha ambayo kwayo shetani hutupiwa anapopanda kusikiliza siri za mbinguni. Basi aliyesikia kwamba shairi linaitwa Kimondo alikuwa na jambo moja tu la kujiuliza, na katika Faza au Kizingitini mwaka 1975 hakuhitaji kuuliza kwa sauti, kwa sababu alijua shetani aliyelengwa ni nani kabla ya ubeti wa kwanza kufika mwisho.